Simu Isipopokelewa
Hapa Lubumbashi, uchumba usiofika kwenye mahari huhesabiwa kama haukuwepo. Ndugu hawauulizii, na mhusika mwenyewe huambiwa asahau, Mungu atampa mwingine. Ndiyo maana wengi huingia kwenye ndoa wakiwa na miaka ya mapenzi nyuma yao ambayo hawajawahi kuitazama, isipokuwa kwa kumlaani aliyewaacha.

Hata tukiitazama, mara nyingi tunamchunguza mtu asiyehusika tena. Alikuwa mchoyo? Muongo? Tukimaliza tunamjua yeye vizuri sana. Swali lenye faida ni dogo: yeye aliponyamaza, mimi nilifanya nini?

Tuseme kuna dada wa Katuba, muuza vitenge. Mpenzi wa kwanza alikuwa mwanafunzi asiye na kitu, wa pili dereva wa malori ya shaba, wa tatu mkubwa wa ofisi. Hawafanani hata kidogo. Lakini simu isipopokelewa jioni, dada huyu anapiga na kupiga, anawatafuta marafiki wa mpenzi, halafu asubuhi mwanamume akipiga, hapokei, ili naye auonje uchungu. Pengine dereva alikwama tu kwenye msururu wa Kasumbalesa, ambako malori hulala mpakani. Wanaume wamebadilika; kitendo ni kile kile, na ni chake yeye.

Saikolojia ilianza kuuelewa mwenendo huu karibu na kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawafuatilia akina mama na watoto wachanga wa familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala. Wako watoto waliotambaa mbali bila wasiwasi kwa kuwa mama yupo, na wako waliolia hata wakiwa wamebebwa. Kitabu chake kilitoka 1967. Miaka 20 baadaye, Marekani, wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver walilipeleka jambo hilo kwa watu wazima: waliwaomba wasomaji wa gazeti wachague maelezo yanayofanana na mapenzi yao. Zaidi kidogo ya nusu walisema humkaribia mwenzi bila hofu, karibu robo humkwepa, waliobaki huogopa kuachwa. Hiyo si ramli. Namna ya kupenda hubadilika, hasa mtu akipata mwenzi asiyeyumba, na mimi sipendi kabisa vijana wanavyojipachika makundi hayo kana kwamba ni kabila.

Ugumu uko kwenye kumbukumbu. Kila tunaposimulia tulivyoachana, tunaipaka hadithi rangi kidogo, na rangi hiyo hutupendelea sisi. Katanga yetu iliwahi kuwa na dawa ya jambo hili. Mwaka 1953, huko Kolwezi, padri Mfransisko Placide Tempels alianza kukutana na wafanyakazi wa migodi na wake zao. Ikazaliwa harakati iliyoitwa Jamaa, ikaenea hadi kambi za kampuni ya migodi, Union Minière, hapa jijini. Mafundisho yake yalizunguka uzima, uzazi na mapendo, na mume na mke walitakiwa kuambiana mawazo yao, hata ndoto. Maaskofu baadaye waliitilia shaka, na hayo ni mambo ya kanisa. Mimi ninachokiheshimu ni kwamba hakuna aliyejichunguza peke yake chumbani: alijieleza mbele ya mtu awezaye kumkatiza na kumwambia haikuwa hivyo.

Mpenzi wa zamani hafai kwa kazi hiyo. Anayempigia usiku akidai anajitafuta, anamtafuta yeye. Afadhali rafiki au dada mkubwa aliyekuwa karibu nawe wakati ule. Usimuulize nani alikosa. Muulize ulikuwa unafanya nini, na umwache amalize. Rafiki wa yule muuza vitenge angeweza kumwambia: “Weye ulikuwa unaanzaka kukasirika mbele achelewe,” yaani kabla hata hajachelewa. Hapo asijitetee. Amuulize ni kwa mpenzi yupi, na kama kwa wale wengine ilikuwa vivyo hivyo.