Elías Figueroa: Beki Aliyelifanya Lango Nyumba Yake

Barazani, wapenzi wa kandanda wakianza kuhesabu mafundi wa Amerika ya Kusini, utasikia Pele, Garrincha, Maradona. Wote watu wa mbele. Beki hatajwi ila siku aliyofungisha. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo hata kidogo, na leo, ndugu msomaji, nataka nikutajie mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuwazuia watu wa namna hiyo: Elías Figueroa wa Chile.

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1946 huko Valparaíso, mji wa bandari kama Mombasa. Utotoni alisumbuliwa na pumu, na madaktari wakamkataza michezo. Ikabidi ahamishwe pwani, apelekwe bara kidogo kwenye hewa kavu. Basi mtoto huyo aliyekatazwa hata kukimbia ndiye aliyekuja kucheza Kombe la Dunia mara tatu: 1966, 1974 na 1982.

Alianzia Santiago Wanderers, ambayo licha ya jina lake ni timu ya Valparaíso, ikamwazima kwa Unión La Calera. Mwaka 1967 Peñarol ya Uruguay ikamchukua, na ubingwa wa nchi ile akautwaa mwaka huo huo na wa pili yake. Alikuwa mrefu, mtulivu, si beki wa kubutua mpira juu ya mapaa. Akiupokonya, huutuliza kwanza, akatazama, ndipo akautoa. Husimuliwa kuwa alikuwa akisema eneo la hatari ni nyumba yake, na anayeingia humo ni yule amtakaye yeye.

Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi la Chile lilimpindua Rais Salvador Allende. Siku 15 baadaye Figueroa na wenzake walikuwa Moscow kugombea nafasi ya Kombe la Dunia dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Figueroa na Alberto Quintano wakasimama katikati ya ulinzi, na Warusi wakaondoka bila bao, 0-0. Mechi ya marudiano haikuchezwa. Uwanja wa Taifa wa Santiago ulikuwa umegeuzwa gereza, watu wakiteswa humo, na Wasovieti wakakataa kuukanyaga. Chile ikapita. Sijui mchezaji aliyelinda lango vile anaipokeaje tikiti ya namna hiyo.

Wakati huo alikuwa akichezea Internacional ya Porto Alegre, Brazil. Mwaka 1974, 1975 na 1976 alichaguliwa mchezaji bora wa Amerika ya Kusini, mara tatu mfululizo, naye beki! Tarehe 14 Desemba 1975, katika fainali ya ubingwa wa Brazil dhidi ya Cruzeiro, Valdomiro alipiga frikiki, Figueroa akaruka na kuufunga kwa kichwa. Jua lilikuwa linazama, uwanja umekwisha kuingia kivuli, ila mwale mmoja ulipenya ukamwangukia pale pale aliporukia. Mpaka leo Wabrazil huliita bao la nuru. Mechi ikaisha 1-0, na Internacional ikawa bingwa wa nchi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1976 ikarudia.

Aliporudi kwao mwaka 1977, hakwenda klabu nyingine ila Palestino. Jina hilo si la bahati. Klabu iliundwa mwaka 1920 na wahamiaji wa Kipalestina, wengi wao Wakristo wa Bethlehem, Beit Jala na Beit Sahour, waliovuka bahari tangu enzi za dola ya Uthmaniya. Kwa kuwa pasi zao zilikuwa za Kituruki, Wachile wakawaita Waturuki, jina lililowaudhi wao na wajukuu zao. Jezi ya klabu ni ya rangi za bendera ya Palestina, na mwaka 2014 ilizua mzozo pale tarakimu 1 mgongoni ilipochorwa mfano wa ramani ya Palestina ya kabla ya 1948. Chama cha mpira kikaikataza. Kwa Figueroa, timu hiyo ilicheza mechi 44 za ligi bila kushindwa, baina ya 1977 na 1978, ikamaliza kwa kutwaa ubingwa wa Chile. Nani angedhani jina la Palestina lingeimbwa uwanjani chini ya milima ya Andes?

Kombe lake la mwisho lilikuwa Hispania mwaka 1982, akiwa na miaka 35. Tarehe 24 Juni, mjini Oviedo, Chile ilikutana na Algeria. Moyo wangu katika mechi ile uko kwa Algeria, sifichi. Salah Assad alimpita kila mtu, akafunga mawili, Tedj Bensaoula la tatu, na hata mapumziko hayajafika ni 3-0. Kipindi cha pili Chile ilirudisha mawili, ikaishia hapo, 3-2. Kesho yake Wajerumani na Waaustria walielewana kwa bao moja, na Algeria ikatolewa kwa dhuluma. Figueroa alikuwa amekwisha kutoka. Colo-Colo ndiyo klabu yake ya mwisho.