Tundu la Presha Kidoleni: Dharura Isiyofanana na Dharura

Nozeli ikiziba, fundi rangi hainamishi kichwa kufikiri. Anaigeuza bunduki ya kupulizia, anaifuta ncha kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na mkono wa kulia bado uko kwenye triga. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Siku kikitokea, anahisi kachomwa na kitu, anakung'uta mkono, anatazama. Anaona kidoa chekundu, pengine na tone jeupe la rangi pembeni. Damu haitoki ya maana, na maumivu nayo yanapoa haraka. Anajifunga kitambaa na kuendelea na ukuta wake.

Huyo anapaswa kuwa njiani kwenda hospitali yenye daktari wa upasuaji, saa hiyohiyo. Madaktari wa mikono huliita jeraha hili la kudungwa kwa presha, na ni miongoni mwa majeraha machache ambayo ukubwa wa tundu hausemi lolote kuhusu ukubwa wa madhara.

Tuanze na presha yenyewe, maana watu wengi tunaijua kwa kipimo cha tairi tu. Gari dogo hujazwa upepo wa PSI 30 hadi 35 hivi. Ngozi ya binadamu isiyo na mchubuko wowote inaweza kutobolewa na presha ya PSI 100 hivi. Sasa njoo kwenye mashine ya rangi isiyotumia upepo, ile ambayo pampu inasukuma rangi yenyewe hadi kwenye nozeli: kazi yake ya kawaida ni PSI 3,000, na zipo zinazopita hapo. Bomba la grisi linaloendeshwa na kompresa linaweza kufika 10,000. Kwenye injini za kisasa za dizeli, mafuta yanayoelekea kwenye nozeli yanaweza kupita PSI 20,000. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, rangi iliyobanwa kwa PSI 3,000 ikipata upenyo hutoka kwa kasi inayokaribia kilomita 600 kwa saa, tena kupitia tundu lisilofika nusu milimita. Kidole si lazima kiguse nozeli. Sentimita chache mbele yake zinatosha, na glavu ya kawaida ya ngozi au mpira haizuii chochote. Inatobolewa kwanza, kisha kidole.

Kidole hakina nyama nyingi ya kuuzuia mchirizi huo. Unapita kwenye mafuta ya chini ya ngozi, unagonga kano au mfupa, kisha unatafuta njia rahisi. Njia rahisi ipo tayari. Kano zinazokunja vidole hupita ndani ya ala laini, mfano wa waya wa breki ya baiskeli ndani ya mpira wake, na kimiminika kikishaingia humo huteleza bila kizuizi. Kwa kidole cha shahada, cha kati na cha pete, ala hiyo kwa kawaida huishia kwenye kiganja. Ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho huendelea hadi karibu na kifundo cha mkono. Ndiyo maana daktari anaweza kupasua ncha ya kidole gumba akakuta hapo hakuna rangi nyingi, na nyingine akaikuta chini kabisa, kwenye kifundo.

Kwa nini basi haiumi? Tundu ni jembamba mno, na kimiminika kilichojaa ghafla hubana mishipa ya fahamu pamoja na ile ya damu, kwa hiyo kidole kinakufa ganzi. Ganzi hiyo ndiyo inayowadanganya wengi, na kwa maoni yangu ni hatari kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu inamfanya mtu mzima mwenye akili zake aahirishe safari ya hospitali mpaka amalize kazi. Saa chache baadaye kidole kinavimba, kinakakamaa, kinageuka kuwa cheupe au cha bluu, na maumivu yanayokuja hapo hayatulizwi na vidonge. Damu haifiki tena inavyotakiwa. Juu ya hilo kuna sumu ya kitu kilichoingia: tina, petroli, dizeli na rangi za mafuta huunguza nyama kwa kemikali zake. Grisi huunguza kidogo kuliko hivyo, lakini hung'ang'ania, na inaweza kuacha uvimbe mgumu unaosumbua kwa miaka. Maji safi na upepo vina nafuu, ingawa maji ya kuzibulia mifereji ya majitaka hayamo kwenye nafuu hiyo.

Tiba ya jambo hili haijaanza jana. Mwaka 1937 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha taarifa kuhusu mafuta ya injini ya dizeli yaliyopenya mwilini kwa presha. Mwaka 2006 ikachapishwa tathmini iliyokusanya visa 435 vya mikono kutoka kwenye maandiko ya kitabibu: karibu asilimia 30 ya wagonjwa walikatwa kiungo. Waliodungwa tina, petroli au mafuta walikuwa na hali mbaya zaidi, na miongoni mwao, waliofanyiwa upasuaji ndani ya saa 6 walinusuru vidole zaidi kuliko waliochelewa. Saa 6 zinaweza kuonekana nyingi kwa mtu aliye karibu na Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kwa aliye kwenye eneo la ujenzi wa barabara, kilomita mia na zaidi kutoka hospitali za KCMC au Bugando, ni chache mno, hasa kama mbili zimeshaliwa na kusubiri kuona itakuwaje.

Nyingine huliwa zahanati. Mgonjwa anafika, anasema kachomwa na mashine. Mhudumu anaona tundu la sindano, analisafisha kwa spiriti, anachoma chanjo ya pepopunda, anatoa dawa ya maumivu na kumwambia arudi baada ya siku tatu. Chanjo ya pepopunda ni sahihi kabisa. Kasoro iko kwenye siku tatu. Simlaumu sana mhudumu, kwa kuwa maneno "kachomwa na mashine" yanaweza kuwa na maana ya cherehani. Anayejua ukweli ni fundi, na anatakiwa aueleze wote: kilichoingia ni nini, mashine ilikuwa na presha gani, na ilikuwa saa ngapi. Kopo la rangi au tina liende naye, au lipigwe picha kwa simu lebo ikisomeka.

Njiani mambo ya kufanya ni machache. Pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba, mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Asile wala asinywe, maana huenda akapewa dawa ya usingizi. Asikamue kidole, asikifunge kamba, asikitie kwenye barafu, kwa sababu baridi inazidi kubana mishipa ya damu iliyokwisha kubanwa. Ile tabia ya gereji ya kuosha mkono kwa petroli ili rangi itoke inaongeza sumu juu ya sumu.

Hospitalini picha ya eksirei inasaidia, kwa kuwa baadhi ya rangi, na upepo pia, huonekana humo na kumwonyesha daktari kitu kimefika wapi. Lakini picha isiyoonyesha kitu haimaanishi kidole ni kizima. Sindano ya ganzi ya kwenye kidole chenyewe huepukwa, kwani inaongeza kimiminika mahali palipokwisha kujaa. Mgonjwa hulazwa usingizi au hupigwa ganzi ya mkono mzima huko juu. Kidole hupasuliwa kwa urefu, nyama iliyolowa rangi huondolewa, panaoshwa, na mara nyingi kidonda huachwa wazi ili daktari arudi tena baada ya siku moja au mbili. Mazoezi ya viungo huanza mapema, kwani kidole kilichookolewa kikashindwa kukunja hakimsaidii sana mtu anayeishi kwa kushika spana.

Nimemtaja fundi rangi zaidi, lakini hayuko peke yake. Fundi pampu anayepima nozeli za dizeli hukinga kiganja aone kama inapuliza ukungu au inatema matone. Ukungu huo unapenya ngozi. Mwendesha eskaveta anayesikia mvujo kwenye mpira wa haidroliki huupapasa kwa mkono, wakati tundu lenyewe halionekani na mafuta yanatoka kama mvuke. Kipande cha boksi kikipitishwa taratibu kandokando ya mpira kitalowa mahali palipotoboka, na hakuna kidole kilichohusika. Vijana wa kuosha magari hufanya kazi kwa ndala na mara nyingine hujisafisha matope miguuni kwa mashine ileile ya presha. Kwenye pampu ya zege hatari hubadilika sura: upepo ulionaswa ndani ya bomba ukiachia, mpira wa mwisho hujipiga huku na huko kwa nguvu ya kumwangusha mtu, hivyo wasiohusika wanatakiwa kukaa mbali pampu inapoanza na inapozibuliwa.

Kinachowaponza hata mafundi wazoefu ni kuamini kwamba mashine iliyozimwa imelala. Mota ya mashine ya rangi ikizimwa, presha inabaki yote ndani ya mpira mpaka kwenye triga. Kabla ya kugusa nozeli, mashine izimwe, koki ya kurudishia rangi ifunguliwe, triga ibonyezwe bunduki ikielekezwa ndani ya ndoo, kisha triga ifungwe kwa kufuli yake. Nozeli nyingi za siku hizi zina kichwa kinachogeuzwa nyuma: unageuza, unapuliza uchafu kwenye kipande cha boksi, unarudisha. Kidole hakihitajiki popote. Ikiwa imeziba kiasi kwamba presha haitoki kabisa, nati inayoshika kinga ya nozeli ilegezwe polepole sana, uso na mikono vikiwa pembeni, presha ijitoe kidogo kidogo. Na kinga hiyo ya plastiki, ambayo wengi huing'oa kwa sababu inashika rangi, kazi yake ni kuweka kidole mbali na tundu.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ambayo wakala wa OSHA huisimamia, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya 2008. Kenya ina sheria zake mbili za 2007 kwa mambo hayohayo. Tatizo ni kwamba fundi anayekodi mashine asubuhi na kuirudisha jioni hana mwajiri wa kumfundisha wala wa kumchangia kwenye mfuko. Hukabidhiwa mashine, mpira na bunduki. Kitabu cha maelekezo kilibaki dukani, na pamoja nacho ile kadi ndogo ya mfukoni ambayo baadhi ya watengenezaji huiweka kwenye boksi kwa ajili ya daktari. Wakodishaji wanaweza kuichapa upya kwa Kiswahili kwa bei ya karatasi moja, na maneno yanayotosha ni haya:

"Nimedungwa kwa presha na ______ (rangi, tina, dizeli, grisi, haidroliki), PSI ______, saa ______. Jeraha linaonekana dogo lakini ni dharura ya upasuaji. Tafadhali usinichome ganzi kwenye kidole. Nipelekwe leo kwa daktari wa upasuaji wa mifupa au wa mkono."