Idara ya fizikia yenye wanafunzi wanne

Binti yangu aliponambia kakubaliwa kusoma fizikia katika chuo kidogo cha watu weusi huko kusini mwa Marekani, nilinyamaza kwanza. Sisi hapa Muscat tunapenda jina. Ukiulizwa arusini mtoto anasoma wapi, unataka utaje chuo ambacho kila mtu anakijua.

Mwaka jana nikaenda kumtizama. Darasa la mwaka wa tatu lina wanafunzi wanne, yeye mmojawapo. Mwalimu anafundisha masomo manne, na jioni ni huyo huyo, bisibisi mkononi, anatengeneza vyombo vya maabara, maana fundi hawana. Tena kuna masomo yanayofundishwa mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Ukianguka, unangoja mpaka lizunguke tena. Kwa mzee anayelipa ada mfukoni mwake, hilo si dogo, jamani.

Nikamwambia, "Mwanangu, si uhamie chuo kikubwa?"

"Baba, kule nisipokwenda darasani hakuna atakayeniulizia."

Niliporudi nikaanza kusoma habari za vyuo hivi. Viko kama mia moja, vilianzishwa kabla ya 1964, zama ambazo mtu mweusi akifungiwa milango kwengine. Elmer Imes, aliyepata udaktari wa fizikia Michigan mwaka 1918, alikwenda Fisk, Nashville, mwaka 1930, akaiongoza idara ya fizikia pale mpaka alipofariki 1941. Ronald McNair, mwanaanga aliyekufa katika ajali ya Challenger mwaka 1986, shahada yake ya kwanza ya fizikia aliipata North Carolina A&T, na udaktari MIT.

Sasa idara kama hizo zinahesabiwa vichwa. Mwaka 2011 jimbo la Texas lilisema shahada isiyotoa wahitimu 25 katika miaka mitano ifungwe, na fizikia ya Prairie View A&M na ya Texas Southern zikaingia kwenye orodha. Kwa hesabu ya karani, sawa. Lakini ukiifunga, kijana wa mtaa ule haendi kusoma fizikia kwengine. Anasoma kitu chengine, basi. Ripoti iliyotolewa 2020 na Taasisi ya Fizikia ya Marekani ilionesha kuwa Wamarekani weusi hawafiki hata asilimia 4 ya wanaopata shahada ya kwanza ya fizikia, na ikataja mambo mawili ambayo mzazi yeyote anayajua: mtoto ajione ni wa pale, na asishindwe kwa sababu ya pesa.

Dawa zipo. Nashville, tangu 2004, Fisk na Vanderbilt wameungana: mwanafunzi anasoma shahada ya pili Fisk, analelewa na walimu wa pande zote mbili, kisha anavuka kufanya udaktari. Chuo kidogo hakikumezwa, kimepewa daraja.

Kwa binti yangu daraja bado. Ada ya muhula ujao nishatuma, lakini somo moja analolihitaji halimo kwenye ratiba. Mwalimu wake kasema atalifundisha hata kwa wanafunzi wawili, bila malipo ya ziada. Nikafurahi, halafu nikaingia wasiwasi. Mwalimu mwenyewe ana miaka 67, na wa kumrithi hajaajiriwa.