Tusizitupe runinga zenye chogo

Majuzi wanangu waliniletea shauri zito. Walitaka runinga kuukuu iliyotwaa pembe nzima ya sebule iondolewe, nafasi yake ichukuliwe na ile nyembamba ya kutundikwa ukutani. Nilikataa katakata. Wapo watakaosema nimepitwa na wakati, lakini wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Sikatai kwamba runinga zenye chogo ni mzigo. Uzito wake hutokana na kioo kinene, ambacho sharti kihimili msukumo wa hewa ya nje, maadamu ndani yake hewa imeondolewa. Kadiri kioo kilivyopanuliwa, ndivyo uzito ulivyozidi. Mwaka wa 1989 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa runinga ya inchi 43 yenye uzito wa takriban kilo 200! Leo wapo watu Marekani na kwingineko wanaozisaka na kuzikusanya runinga za aina hii, hasa wapenzi wa michezo ya video ya zamani.

Mimi ninayo moja tu, na sababu yangu ni nyingine. Nimefundisha fizikia. Silabasi ya 8-4-4 humtaka mwanafunzi wa kidato cha nne aielewe miali ya kathodi. Aghalabu yeye huichora daftarini na kuikariri asipate kuiona kazi yake, ilhali chombo hicho, kilichobuniwa na Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka wa 1897, kimo sebuleni kwao. Katika shingo ya kioo elektroni hufyatuliwa, sumaku za umeme huzipinda, nazo huigonga fosfori iliyopakwa mbele na kutoa nuru.

Nilipokuwa kijana niliisogeza sumaku ya spika karibu na runinga ya rangi ya baba. Picha ilipinda, na doa la zambarau likabaki pale. Nilichapwa! Hata hivyo, siku hiyo nilifahamu kuliko siku yoyote darasani kwamba elektroni hutii sumaku. Mwalimu atakayejaribu jambo hilo atumie runinga isiyo ya rangi, ambayo picha yake hunyooka sumaku iondolewapo.

Je, runinga hizi si hatari? Naam, zina hatari. Kioo chake kina madini ya risasi, na umeme wa maelfu ya volti huweza kubaki ndani hata baada ya kuzimwa. Hiyo ndiyo sababu ya kutozitupa ovyo. Matangazo ya analojia yalipozimwa nchini mwaka wa 2015, nyingi ziliendelea kufanya kazi kwa msaada wa ving'amuzi. Zinapoharibika, huishia jaani au kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, zikavunjwa kwa ajili ya shaba na vigae vya kioo kuachwa watoto wachezeapo.

Nawasihi walimu wakuu watenge pembe moja ya maabara kwa runinga moja, isifunguliwe na mwanafunzi yeyote. Nawe msomaji, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma, iulize shule iliyo karibu nawe.

Wanangu wamekubali yangu ibaki, kwa sharti moja: siku ya kuhama, nitaibeba mwenyewe.