Mshika mbili ndani ya gemu: hesabu ya kuchanganya fani

JOHANNESBURG – Ukipita nyumba za jamaa zetu hapa Mayfair na Fordsburg wikiendi, utawakuta vijana wako mbele ya skrini. Mzazi anaona panga na moto tu. Lakini hebu kaa nao kidogo, uwasikilize. Wanabishana juu ya jambo ambalo sisi walimu tumelisema miaka nenda miaka rudi: mtu ashike fani moja aibobee, au achanganye mbili?

Gemu inayotajwa sana ni Baldur's Gate 3, iliyotolewa Agosti 2023 na Larian Studios ya Ubelgiji. Ina fani 12. Yupo mpiganaji, mchawi wa kusomea, mwizi, msakaji na wengineo. Mhusika hupanda ngazi mpaka ya 12, basi, hakuna zaidi. Kila akipanda, mchezaji anaamua: ngazi hii niiweke kwenye fani ileile, au nianze nyingine?

Kanuni hizi si za jana. Zimetokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mwanzo ulikuwa na fani tatu tu, na kuchanganya kulibanwa sana. Toleo la mwaka 2000 ndilo lililofungua mlango kwa kila mhusika.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mpiganaji akifika ngazi ya 5 ya fani yake, anapiga mara mbili kwa zamu moja. Mchawi akifika ngazi ya 5 ya kwake, anaweza kurusha mpira wa moto. Anayegawa tatu kwa tatu anafika ngazi ya 6 hana hili wala lile, na wenzake walishapata lao tangu ya 5. Akivumilia mpaka sita kwa sita, atayapata yote mawili. Lakini pigo la tatu la mpiganaji, linalokuja ngazi ya 11, hataliona kamwe. Kadhalika uchawi mkubwa kabisa.

Na kuna mtego mwingine. Mpiganaji wa ngazi 5 ukimwongezea usakaji wa ngazi 5, utadhani mapigo yatakuwa matatu. Wapi! Yanabaki mawili, kwa sababu fani zote mbili zimekupa kitu kilekile.

Mjukuu wangu, mwanafunzi wa chuo hapa, alinieleza hivi: "Babu, usichanganye kwa sababu zote mbili unazipenda. Changanya kama moja inaisaidia nyingine."

Nikamwomba mfano. Akasema shujaa wa kiapo na mchawi wa kuzaliwa wote wawili wanategemea haiba, kwa hiyo ukiikuza haiba umewalisha wote. Mchawi wa kusomea anategemea akili, na mpiganaji nguvu. Hao wawili kila mmoja anachota kwenye kisima chake, na ndoo unayo moja.

Wallahi, hili ni somo la kila nyumba yetu, iwe Maskati, Dubai au hapa. Mtoto ana skuli, madrasa, Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili cha bibi yake, mpira, na sasa kompyuta. Tunamwongezea tu, kama kwamba siku ina saa 40. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na gemu inaionyesha hiyo moja kwa tarakimu. Lakini inaonyesha pia kwamba vinavyochota kisima kimoja hulishana. Aliyehifadhi Kurani, kwa mfano, Kiarabu cha skuli hakimlemei kama mgeni. Kiunganishe hicho kwanza kabla ya kumwandikisha darasa la saba.

Tahadhari moja kwa wazazi: gemu hii Ulaya imepewa alama ya miaka 18, kwa ukatili na mambo ya faragha yaliyomo. Si ya watoto wadogo. Soma alama kwenye kasha kabla ya kununua.

Kwa kijana aliyekwisha kuwa mkubwa, muulize amechanganya nini, na amekosa nini kwa kuchanganya huko. Ndani ya gemu, aliyekosea hulipa sarafu 100 za dhahabu akaanza fani upya. Miaka ya masomo haina bei hiyo, na ni afadhali mazungumzo hayo yafanyike kabla ya fomu za chuo kujazwa.