UFUGAJI WA KUKU WA NYAMA: SIKU YA KUCHINJA IPANGWE KABLA YA KUNUNUA VIFARANGA



Wafugaji wengi wa majumbani hupiga hesabu ya vifaranga na chakula, wakaisahau siku ya kuchinja. Hapo ndipo faida hupotea. Mfano ulio karibu nasi ni wilaya za Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani, ambako joto na unyevu wa mwambao ni kama wa Unguja na Pemba, na kaya nyingi hufuga kwa kutegemea soko la Dar es Salaam.

Kuku wa nyama hufikia takriban kilo 2 kwa wiki 5 hadi 6, akiwa amekula kiasi cha kilo 4 za chakula. Akizidi muda huo, huendelea kula sana ilhali uzito anaouongeza kwa kila kilo ya chakula hupungua. Aidha, kuku mzito hastahimili joto. Adhuhuri moja ya jua kali katika banda lililosongamana yaweza kuua wengi. Mfugaji wa Mlandizi au Maneromango aliyekosa mnunuzi wiki ya 6 hubakiwa na njia mbili: kulisha kwa hasara, au kuchinja. Asiye na mahali pa kuhifadhi nyama hupata hasara kwa njia zote mbili.

Kwa hiyo inashauriwa yafuatayo:

(a) Vifaranga waingizwe kwa mafungu, mathalan 50 kila baada ya wiki 3, badala ya 150 kwa pamoja. Kila fungu liwe na banda lake, ili maradhi ya wakubwa yasiwafikie wadogo. Mita 1 ya mraba isizidi kuku 10.

(b) Chanjo ya mdondo itolewe siku ya 7 na ya Gumboro siku ya 14, kisha zirudiwe kwa maelekezo ya mtaalamu wa mifugo. Kuku aliyepewa dawa asichinjwe kabla ya kumalizika siku zilizoandikwa kwenye dawa hiyo.

(c) Kuku asilishwe kwa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinjwa, ila maji apewe. Utumbo mtupu hauchafui nyama.

(d) Baada ya kuchinjwa kwa mujibu wa dini na kunyonyolewa, matumbo yatolewe mara moja, nyama ioshwe kwa maji safi na ipozwe kwa barafu. Katika jokofu la kawaida iliwe ndani ya siku 2. Katika friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hudumu kwa miezi. Iliyoyeyuka isigandishwe tena.

(e) Pasipo umeme, wachinjwe wale tu watakaoliwa au kuuzwa siku ile ile.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayekusudia kufuga na aandike kwanza siku ya kuchinja, mnunuzi wake, na mahali pa kuweka nyama itakayobaki. Kisha ndipo aagize vifaranga.