Mstari, Mto na Ukoo: Somo la Siasa kutoka Tarime na Serengeti

Mwanafalsafa Montesquieu, katika kitabu chake cha mwaka 1748 kuhusu roho ya sheria, alifundisha kwamba hali ya hewa, ardhi na desturi za watu huathiri sheria zao. Hoja hiyo tunaweza kuipima hapa hapa mkoani Mara.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mpaka kutoka pwani, kupitia Kilimanjaro, hadi Ziwa Victoria. Mstari huo uliwagawa Wakurya. Wairege na Wanyabasi wako Tarime, na wako Kenya pia. Ng'ombe wa mahari huvuka mpaka, na wa wizi huvuka vilevile. Hivyo kesi ambayo kwingine ingeishia kwa polisi wa wilaya, huku inaweza kuwa jambo la serikali mbili, na wazee wa mila hawawezi kuachwa nje ya usuluhishi.

Nao Mto Mara huanzia Mau nchini Kenya, hupita hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, hutenganisha Tarime na Serengeti, kisha huingia ziwani. Wakati wa kiangazi nyumbu huutegemea. Msitu wa Mau ukikatwa, hasara inafika kwetu, ingawa Tanzania haina mamlaka juu ya msitu huo. Ndiyo maana kila tarehe 15 Septemba nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mto Mara.

Kenya nayo inaguswa na maamuzi yetu. Serikali ya Tanzania ilipopanga barabara ya kupita kaskazini mwa Serengeti, shirika la kutetea wanyama la Nairobi lilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Juni 2014 mahakama ilizuia barabara ya lami ndani ya hifadhi. Wananchi wa Mugumu na Loliondo wanahitaji barabara, na nyumbu wanahitaji njia. Haki zote mbili ni za kupimwa.

Je, basi jiografia ndiyo inayotuamulia? Hapana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka na Kenya hadi 1983. Mwaka 1999 mkataba wa Jumuiya mpya ukatiwa saini. Mto ulikuwa ule ule, na koo zile zile. Kilichobadilika ni maamuzi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mtu ana hiari: mazingira humwelekeza, hayamlazimishi.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humu, alilijua hilo. Cairo, mwaka 1964, aliongoza hoja ya nchi za Afrika kuheshimu mipaka iliyorithiwa, ili tusipigane kwa ajili yake. Kuukubali mpaka hakukuwa kuukana undugu.

Papa Fransisko, katika Laudato si' ya 2015, aliiita dunia nyumba yetu ya pamoja. Waamini wa Sirari na Isebania wanaishi hivyo tayari. Sisi tunaojiandaa kwa upadre tutaombwa siku moja kupatanisha watu wa mifugo, ardhi na maji. Tusipojua mto unatoka wapi na ukoo unaishia wapi, tutahubiri amani tusiyoielewa.